Mashine ya Kivuli, Masika ya 1989

Jumatatu, 6 Machi

Bwana Mulei amesema kila jaribio liandikwe, na daftari la majaribio lipo ofisini. Hili nimelinunua mwenyewe kwa ajili ya mambo ambayo siwezi kuyaandika kule. La kwanza ni hili: leo nimesema nimeelewa kitu ambacho sikukielewa.

Bwana Mulei ni fundi wa kompyuta wa wafadhili wanaosaidia mradi wetu wa kifua kikuu hapa hospitali ya misheni. Alishuka Voi alfajiri na treni ya Nairobi, amekumbatia kisanduku cha disketi kama mtu aliyebeba mayai. Ametuletea mfumo mpya wa kuendesha kompyuta. Ule tulio nao unamruhusu mtu mmoja tu kuandika. Huu mpya utaruhusu wawili, kila mmoja na kioo chake, kwa mashine ileile moja. Lakini ndani ya mashine hiyo mna majina ya wagonjwa elfu moja na mia mbili, kwa hiyo hatuwezi kubadilisha hivi hivi. Ameweka programu inayoigawa kompyuta, na ndani yake panakuwa na kompyuta nyingine isiyoshikika, yenye sehemu yake ya diski, ambayo haina habari kwamba si ya kweli. Mfumo mpya tutaujaribu humo. Ukiharibika, umeharibika humo humo. Tunafuta, tunaanza tena, na wagonjwa wako salama upande wa pili.

"Umenipata, Mwalimu?"

"Nimekupata."

Nzembi akasema, "Mimi sijakupata. Hebu rudia."

Akarudia. Nami nikajifanya napanga faili huku nimetega masikio.

Nzembi ni mpiga chapa wetu, msichana wa miaka ishirini na minne, aliyesomea kazi hiyo Nairobi. Mimi ndiye mkuu wa rekodi. Nilifundisha shule ya msingi miaka kumi na saba kabla ya kuja hapa, na mpaka leo kila mtu ananiita Mwalimu.

Jumanne, 7 Machi

Unabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja na kioo kinageuka: uko mashine ya kweli, au uko ile nyingine, ambayo Nzembi ameibatiza mashine ya kivuli. Zinafanana kama sarafu mbili. Tofauti ni tarakimu ndogo kwenye pembe ya kioo, moja kwa ya kweli, mbili kwa ya kivuli.

Bwana Mulei amebandika amri mbili ukutani kabla ya kurudi. Tazama pembe kabla ya kuamuru. Kila Ijumaa nakili diski yote kwenye disketi, kisha mkuu wa rekodi atie sahihi kitabuni.

Ijumaa, 10 Machi

Disketi ishirini na tatu, moja baada ya nyingine, karibu saa mbili nzima. Joto la Voi likinitambaa mgongoni. Nimetia sahihi.

Jumatano, 15 Machi

Nimefika nikakuta kila mstari wa kioo unaanza na neno. Upande wa kweli: WAGONJWA. Upande wa pili: KIVULI. Nzembi aliyaweka jana bila kuniuliza. Daktari Elsie, msimamizi wa mradi, alipita, akatazama, akasema, "Hilo ni wazo zuri sana, Nzembi. Hata mimi sasa siwezi kupotea."

Alipoondoka nikamwambia Nzembi, "Hii ni ofisi, si chekechea." Nikayaondoa maneno yote mawili.

"Sawa, Mwalimu," akasema.

Wazo lilikuwa zuri. Ningelipenda kama lingekuwa langu.

Ijumaa, 17 Machi

Mfumo mpya umeamka ndani ya kivuli kwa mara ya kwanza! Nimekaa nao tangu saa nane, naamuru, unajibu. Nilipoinua kichwa watu walikuwa wanafunga milango. Sikunakili. Nimetia sahihi kitabuni, kwa sababu Jumatatu nitanakili.

Jumatatu, 20 Machi

Sikunakili.

Ijumaa, 24 Machi

Ijumaa Kuu. Hakuna kazi. Nilisoma somo la pili kanisani.

Ijumaa, 31 Machi

Mvua imenyesha mlimani Mbololo usiku kucha, wanasema. Huku chini ni wingu na vumbi. Nimetia sahihi tena bila kunakili.

Ijumaa, 7 Aprili

Sahihi ya tatu. Mkono umezoea.

Jumatano, 12 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi Nzembi alikuwa kwenye mashine akiingiza vikaratasi vya Mwatate. Kila mgonjwa akichukua dawa zahanati, wanatuletea kikaratasi, nasi tunaingiza tarehe. Kila Jumatatu mashine inachapa orodha ya waliopitiliza wiki mbili bila kufika, na Kituku, mfuatiliaji wetu wa wagonjwa, anaichukua na kuwafuata kwa baiskeli nyumba kwa nyumba. Ule mradi wote ni orodha hiyo.

Saa saba Nzembi akaenda kula. Mimi nikakaa. Mfumo mpya ulikuwa umenikwamia tangu jana ndani ya kivuli, na dawa yake ninaijua: unafuta ile diski ya kivuli, unaanza upya. Nilikuwa nimefanya hivyo mara sita au saba mwezi huu. Nikaandika amri ya kufuta. Mashine ikauliza kama nina hakika, kwamba kila kilichomo kitapotea. Ilikuwa imeniuliza swali hilo mara zote na kila mara nilijibu ndiyo. Nikajibu ndiyo.

Taa ya diski ikawaka, haikuzima. Kwa kawaida humaliza upesi. Nikangoja. Hapo ndipo nikatazama pembe ya kioo.

Moja.

Nilikaa nikiitazama ile moja kama mtu anayesoma barua ya msiba, akirudi mstari uleule. Nikasikia mlango. Nzembi alikuwa amesimama nyuma yangu, kioo kizima mbele yake.

"Ni nini, Mwalimu?"

Nikachomoa waya ukutani. "Imekwama," nikasema.

Saa tisa radi ikapiga juu ya mji, mvua ikamwagika, stima ikakatika, taa zikazimika hospitali nzima. Na mimi, mzee wa kanisa, nikamshukuru Mungu kwa ile radi. Nimeiandika sentensi hiyo na sitaifuta.

Alhamisi, 13 Aprili

Daktari alituita sote wawili. Mashine imewashwa, haina kitu.

"Stima ilipokatika, nani alikuwa kwenye mashine?"

Nikasema, "Nzembi alikuwa akiandika tangu asubuhi."

Kila neno la sentensi hiyo ni kweli. Nzembi alinigeukia, akanitazama muda mrefu. Nikatazama mvua dirishani. Daktari akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Saa kumi akaniita peke yangu. Alikuwa na kisanduku cha disketi na kitabu cha sahihi. "Mwalimu, nakala ya mwisho humu ni ya tarehe kumi Machi. Sahihi zako zinafika tarehe saba Aprili. Nielezee."

Mdomo wangu ulijibu kabla yangu. Nilisema kazi ya kunakili nilimwachia Nzembi, nami nikawa natia sahihi kwa kumwamini.

"Ulimwamini mno," akasema Daktari, kwa upole. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 14 Aprili

Nzembi amepewa barua. Alisafisha meza yake, akapanga kalamu kwenye droo, akafunika taipureta. Amerudi kwa mama yake Njukini. Hakuniaga, ila alimuaga mfagiaji na mlinzi.

Jumamosi, 15 Aprili

Mvua. Tryphena, mke wangu, ameniuliza kama ni kweli yule msichana Mkamba ameharibu mashine. Nikasema ndivyo inavyosemekana.

Jumanne, 18 Aprili

Tumeirudisha nakala ya tarehe kumi Machi. Kwa hiyo kwa mashine, tangu siku hiyo hakuna mgonjwa hata mmoja aliyechukua dawa. Jana ilikuwa siku ya orodha. Nilipoiagiza ikaanza kuchapa karibu majina yote elfu moja na mia mbili. Nikaizima. Sharti vikaratasi vyote vya wiki tano viingizwe upya, navyo viko kwenye magunia saba ghalani, kila zahanati na lake. Nimemwambia Daktari wiki mbili. Nilijua ni zaidi.

Jumatatu, 24 Aprili

Nimemaliza gunia la Mwatate na nusu ya Voi. Kituku alikuja kuchukua orodha, koti lake likichuruzika maji. Nilikuwa nimemwandikia majina kumi na tisa kwa mkono.

"Mbololo hakuna hata mmoja?" akauliza.

Gunia la Mbololo lilikuwa chini kabisa, halijafunguliwa.

"Hakuna."

"Wamekuwa watu wazuri mwezi huu!" Akacheka, akaikunja karatasi ndani ya mfuko wa plastiki isilowe, akaenda zake.

Ningeweza kumwita. Alichukua muda kuweka tairi sawa pale nje, na dirisha lilikuwa wazi.

Jumapili, 30 Aprili

Kanisani sikwenda mezani kwa Bwana kushiriki. Nilimwambia Tryphena tumbo linanisumbua.

Jumatano, 3 Mei

Magunia matatu. Macho yanauma.

Jumapili, 7 Mei

Tena sikwenda mezani. Tryphena akasema, "Tumbo lako linajua kalenda."

Alhamisi, 11 Mei

Bwana Mulei ameandika kuuliza majaribio yanaendeleaje. Barua nimeiweka chini ya kitambaa cha plastiki cha meza.

Jumanne, 16 Mei

Leo mchana walimleta mwanamke kwa machela kutoka Mbololo, wanaume wanne wenye matope hadi magotini. Anakohoa damu. Mgongoni kwa jirani alikuwepo mtoto wa miaka minne, shingo imekakamaa, anaungua kwa homa. Muuguzi alikuja rekodi kuulizia kadi. Mable. Nilimfundisha darasa la tatu, alikuwa anakaa karibu na dirisha, mwandiko mzuri. Mtoto wake anaitwa Wakio.

Nikashuka ghalani nikafungua gunia la Mbololo. Kikaratasi chake cha mwisho ni cha tarehe sita Machi. Alimaliza sindano zake vizuri, akaanza vidonge. Alitakiwa zahanati tarehe tatu Aprili. Hakufika. Jina lake lingekuwa kwenye orodha ya tarehe kumi na saba Aprili, orodha ya kwanza ambayo haikuchapwa. Kituku angekuwa nyumbani kwake siku ya pili.

Niliketi juu ya gunia. Nilitaka kulia nikaona hata hilo ni kujipendelea.

Alhamisi, 18 Mei

Ilinibidi niende wodini kujaza fomu yake. Nilivaa barakoa na nikashukuru kwa kuwa nayo.

Alinitambua kwa sauti. "Mwalimu," akasema, "nisamehe. Nimewaangusha."

"Usiongee sana."

"Nilijiona nimepona. Nikanenepa, nikalima. Nikasema nikipitisha siku, yule wa baiskeli atakuja kunigombeza, maana walituambia lazima aje. Nikamngojea. Alipokosa kuja nikajua basi, huko kwenye mashine wameona nimepona." Akapumzika. "Mama mkwe anasema nimemuua mtoto wangu kwa uvivu. Hata kuja kunitazama amekataa. Ana haki."

Kalamu ilikuwa mkononi. Palikuwa na nafasi ya kusema, pana kama mlango wa ghala. Unajua nilichosema? Nilisema, "Siku nyingine usirudie."

Akaitikia, "Sitarudia, Mwalimu."

Ijumaa, 19 Mei

Sina la kuandika.

Jumatatu, 22 Mei

Mtoto bado hajafungua macho; kifua kikuu kimemwingia kichwani. Daktari Elsie amelala hospitali siku tatu akimwangalia. Kituku alikuja, akasimama mlangoni bila kuingia. "Mwalimu, Mable wa Mbololo hakuwa kwenye karatasi yako."

"Hakuwa."

"Mimi napita pale kwao kila Jumanne nikienda kwingine. Napita mbele ya mlango." Akavua kofia, akaiangalia ndani kana kwamba kuna kitu alichokisahau mle. "Nilimwona shambani. Nilimpungia mkono."

Amejitwika na yeye. Mzigo wangu mmoja sasa umebebwa na watu watatu, na hakuna hata mmoja ambaye ni wake: Mable, Kituku, na yule wa Njukini. Mimi ndiye ninayetembea mikono mitupu.

Ijumaa, 26 Mei

Wakio amefungua macho tangu Jumatano. Anakunywa uji. Leo nilipita mlango wa wodi ya watoto nikamwona Daktari amesimama nyuma ya kitanda, akapiga makofi karibu na kichwa cha mtoto. Mtoto alikuwa anachezea kifuniko cha chupa. Daktari akapiga tena, kwa nguvu. Watoto wengine wote wakageuka. Wakio hakugeuka.

Nilimfuata Daktari hadi ofisini kwake, nikafunga mlango.

Nilianza kwa kusema, "Daktari, kuhusu ile mashine," na nikaona ninatafuta njia ya kuzunguka. Nikanyamaza, nikaanza upya. Nilimwambia amri ile niliiandika mimi. Nilimwambia stima ilikatika baadaye. Sahihi tatu za uongo. Kwamba Nzembi hakupewa kazi ya kunakili hata siku moja. Kwamba maneno yake ya kioo niliyaondoa kwa wivu. Kwamba nilimwambia Kituku Mbololo hakuna mtu. Nilipomaliza nilikuwa bado nimesimama na yeye hakuniambia niketi.

"Wiki sita," akasema. "Umeingia ofisi hii kila asubuhi kwa wiki sita, ukaniambia hujambo Daktari."

"Ndiyo."

"Ungeniambia tarehe kumi na mbili Aprili, tungefungua magunia yote siku hiyo, sote, hata wapishi. Tungemaliza kwa siku nne."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Siku nne. Nilikuwa nimeshughulika kuficha kosa, sikuona kwamba lilikuwa dogo.

Nikamuuliza, "Mtoto amekuwa kiziwi kwa sababu yangu?"

Akasema, "Huenda angeugua hata hivyo. Huenda mama angeanza dawa upya, asimwambukize. Mimi sijui na wewe hutajua. Utakaa na huenda hiyo."

Nikasema nitaandika barua ya kuacha kazi. Akasema, "Hiyo ndiyo rahisi. Gunia la Mbololo utamwachia nani?" Ukuu wa rekodi nimevuliwa tangu leo. Nitapanga vikaratasi. Barua ya kumwita Nzembi ataandika mwenyewe, lakini amesema haitatumwa kwa posta, nitaipeleka mimi.

Jumamosi, 27 Mei

Nimemwambia Tryphena yote. Alikuwa anapiga pasi. Aliendelea na shati lile mpaka kola, akalikunja, ndipo akasema, "Na mimi nimekuwa nikimsema vibaya yule msichana sokoni. Kwa mdomo huu."

Jumatatu, 29 Mei

Daktari aliwaita wapishi, wafagiaji, dereva, hata mlinzi. Magunia yamefunguliwa sakafuni ukumbini. Kila mtu anajua kwa nini. Mpishi alinipa rundo langu bila kuniangalia usoni.

Alhamisi, 1 Juni

Magunia yameisha. Kituku ameondoka na majina arobaini na mawili.

Jumamosi, 3 Juni

Nilichukua gari moshi la Taveta, kisha nikapanda lori la mahindi hadi Njukini. Mvua huko imewapa mazao. Maharagwe yameanikwa kila uwanja. Nilimkuta Nzembi sokoni na mama yake, wakipima maharagwe kwa mkebe. Aliniona nikiwa mbali. Alimmalizia mteja wake, akafuta mikono kwenye leso.

"Mwalimu."

"Nzembi. Nimekuja kukuambia kwamba—"

"Najua ulichofanya. Nilikiona kwenye kioo."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kwa hotuba yangu. Ikaisha hapo. "Kwa nini hukusema mbele ya Daktari?"

"Nilikungojea," akasema. "Siku ile pale ofisini, nilisema moyoni, mwache, ni mtu mzima, amefundisha watu, atasema mwenyewe. Ukatazama dirisha. Nikasema, basi atasema jioni. Ijumaa nikapewa barua imeandikwa sikunakili diski. Kazi ambayo sikuwahi kupewa! Hapo ndipo nikaacha kukungojea." Mama yake alimuuliza kitu kwa Kikamba. Alimjibu kwa kifupi. Mama yake akaniangalia, akageuka akaendelea kupima.

Nikampa barua ya Daktari. Akaisoma mara mbili.

"Nitarudi tukimaliza kuvuna. Si kwa ajili yako." Kisha akasema, "Na yale maneno yangu nitayarudisha kwenye kioo."

"Yarudishe."

"Sikuwa ninaomba ruhusa, Mwalimu."

Hakunipa mkono. Nilikunywa chai peke yangu kwenye kibanda, nikangoja lori.

Jumatatu, 12 Juni

Nzembi amerudi. Amekaa kwenye kiti changu cha zamani. Nimesoma kwa sauti barua ya Bwana Mulei ili aijibu.

Jumanne, 13 Juni

Kwa siku moja na nusu amekwamua kilichonishinda mwezi mzima. Ndani ya kivuli, vioo viwili vinaandika kwa pamoja. Aliniita nikae kwenye kile cha pili nijaribu. Nikaandika jina langu. Yeye akaliona kwenye orodha upande wake, akasema, "Limefika," na kulifuta.

Jumatano, 14 Juni

Siku kumi na tisa zimepita tangu nimwambie Daktari, na mtu niliyemkosea zaidi sikuwa nimemwambia. Nilikuwa najiambia bado ni mgonjwa mno. Leo nilimkuta Mable ameketi kitandani, Wakio akimsuka nywele ovyo ovyo.

Nikaketi kwenye kiti cha wageni, nikamwambia. Kwamba yule wa baiskeli hakuja kwa sababu mimi nilifuta majina, nikaficha, na nikasema Mbololo hakuna mtu. Kwamba mashine haikuona amepona, haikuona kitu chochote.

Wakio akavuta shungi, mama yake akamshika mkono kumzuia.

"Kwa hiyo siku ile ulikuja na fomu," akasema, "ukaniambia nisirudie, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na mimi nikakuomba msamaha."

"Ndiyo."

Aligeuza uso ukutani. Nikadhani amemaliza na mimi, nikainuka. Akasema bila kugeuka, "Mama mkwe wangu, Priscilla, amewaambia watu wote mlimani mimi ndiye nimemziba mtoto masikio. Mume wangu yuko Mombasa, hata yeye ameandikiwa hivyo. Nikirudi nitaishi vipi kwenye boma lile? Mimi nikisema hawataniamini. Nenda ukawaambie wewe."

"Nitakwenda Jumamosi."

"Usiende na barua. Nenda na mdomo."

Jumamosi, 17 Juni

Mvua imekwisha, lakini Mbololo ukungu ulikuwa umelala juu ya njia hadi saa nne. Nilipanda polepole. Priscilla alikuwa uani akipukuchua mahindi na wake wawili wa wanawe wengine. Tukasalimiana kwa Kidawida, lugha yetu. Akanikaribisha kwa heshima zote, akatuma kiti kiletwe, Mwalimu ametutembelea. Kukalia kile kiti kulikuwa kugumu kuliko kule kupanda.

Nikasema nimekuja kwa habari za Mable. Uso wake ukafunga. Nikasema kwamba si kosa lake lote, kwamba pale hospitali kulitokea hitilafu kwenye mashine, na orodha haikutoka.

"Hitilafu," akasema. Aliendelea kupukuchua. "Huyo Hitilafu ni mtoto wa nani?"

Wale wanawake wawili wakaacha kazi.

"Nakuuliza, Mwalimu. Mimi sikusoma. Mable ana jina, nimelitaja kila mahali, kanisani, mtoni. Huyu wako wa hospitali hana jina?"

Nikasimama kutoka kwenye kiti.

"Ni mimi," nikasema. "Thadeus. Niliyafuta majina kwa mkono wangu, nikamsingizia msichana mwingine, na nikamdanganya mtu wa baiskeli asije hapa. Mable alimngojea. Alifanya kosa la kuacha vidonge, na kazi yangu ilikuwa kumwahi. Sikumwahi, nikaficha."

Priscilla aliweka gunzi chini. Akamwita jirani ng'ambo ya ua, na mwingine, na mke wa mzee wa kanisa la huko juu, ambaye ananijua. Wakaja wakifuta mikono. "Rudia," akaniambia.

Nikarudia. Akawaita wengine wawili waliokuwa wanapita na kuni. "Rudia, na hawa wasikie." Nikarudia mara ya tatu, mbele ya watu wanane na mbwa. Mke wa mzee wa kanisa alitazama chini muda wote. Hakuna aliyenitukana. Nilikuwa nimefikiri baada ya kusema mara nyingi aibu ingepungua, kama chumvi kwenye maji mengi. Haikupungua.

Priscilla aliingia ndani, akakaa huko kiasi. Alipotoka alikuwa amevaa kanga ya kanisani na viatu, na mkononi ana mkungu mdogo wa ndizi na chupa ya uji. Hakuwa ametia mguu hospitali tangu mkaza mwanawe alipolazwa.

"Mtoto hasikii kabisa?" akaniuliza.

"Hasikii."

"Anaona?"

"Anaona vizuri."

Akanipa ndizi. "Beba hizi. Usitembee mbele yangu."

Nikazibeba begani, nikamfuata hadi chini.